Redio na Wimbo wa Mstari Mmoja

Shemeji yangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Redio. Si kwa sababu ana habari, maana habari zake nyingi anazitunga papo hapo akiwa amekushika kichwa. Wanamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuzimwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ya kunyolea inanyamaza na yeye anaendelea. Mteja wa watu, kaachwa gizani na shuka shingoni, anasimuliwa kwa mara ya tano habari za fundi bomba aliyejifungia bafuni kwake mwenyewe.

Kibanda chake kimepakana na duka langu la fotokopi. Ukuta kati yetu ni mbao nyembamba, kwa hiyo miaka kumi na minne nimekaa ndani ya mdomo wake. Najua nani ana mba, nani kaanza kuota upara na anakataa kukubali, na Redio ana maoni gani juu ya kila mmoja. Wateja wanampenda, sitamnyima haki yake. Ana mkono mwepesi. Akifika kwenye masikio hata maneno yanapungua kasi: analikunja sikio mbele kwa vidole viwili, anachungulia nyuma yake, anapitisha wembe taratibu, anapuliza, analiachia. Halafu anajisifu. "Mimi sikio la mtu nalijua kuliko daktari," husema, na hakuna wa kumbishia, kwa sababu wembe bado anao mkononi.

Mke wake ni dada yangu mkubwa. Wamekaa pamoja miaka ishirini na sita, wamelea watoto wawili ambao wote wameshaoa na kwenda zao, na nina hakika walikimbilia kuoa ili wapate mahali pa utulivu. Dada alibaki. Sikuwahi kumsikia akilalamika mpaka jioni moja ya mwaka huu, walipokuwa mezani wanakula, alipoweka kijiko chini akamwambia mumewe hivi:

"Nina jambo moja la kukwambia. Halichukui hata dakika. Nitakwambia siku utakayoweza kunyamaza mpaka niwe tayari kusema."

Mwanamume mwingine angenyamaza hapo hapo, mambo yakaisha. Redio alianza kumweleza jinsi anavyojua kunyamaza. Alitoa mifano. Alipofika mfano wa tatu, wa jinsi alivyomsikiliza baba mkwe wake siku nzima bila kumkatiza, jambo ambalo mimi nilikuwepo na halikutokea, dada alikuwa chumbani anakunja nguo. Mchuzi haujapoa, yuko mlangoni kwangu na begi.

Mimi naishi peke yangu, chumba na sebule, kitanda kimoja cha futi nne. Nampenda dada yangu, lakini mapenzi ya kitanda cha futi nne yana mwisho wake. Alilalia ubavu wa kulia, kanipa mgongo, hasogei hata kidogo mpaka asubuhi. Simu yangu ikilia alfajiri, mimi ndiye niliyeruka. Yeye hata kope haikutikisika. Nikimwita kutoka jikoni hageuki. Nikasema moyoni, haya, hasira za mume amezihamishia kwangu. Na mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikaanza kumnunia.

Huko kibandani Redio hakuwa mtu tena. Jambo gani hilo moja? Ugonjwa? Mwanamume mwingine? Alijiuliza kwa sauti, kichwa hadi kichwa, kutwa nzima. Kufika Ijumaa wateja walikuwa wamepiga kura: tisa walisema ugonjwa, saba mwanamume, mmoja akasema pengine anataka kupaka sebule rangi. Redio alimshukuru sana huyo mmoja akamkandamiza poda mara mbili.

Kila Jumapili alikuja kwangu kujaribu. Alikaa sebuleni, magoti pamoja kama mtu aliyeitwa ofisini. Dada alitoka chumbani, akakaa upande wake wa kushoto, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Sema tu, mke wangu," akasema Redio. "Mimi leo nimekuja kusikiliza. Hata njiani nilikuwa najiambia, leo ni kusikiliza tu. Nimekutana na fundi viatu, nikamwambia, ndugu yangu, mimi leo..."

Dada akanyanyuka akarudi chumbani. Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Ya tatu Redio alidumu muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Unaona? Nimenyamaza," na dada akanyanyuka.

Baada ya hapo alinijia dukani amejaa machozi. Sikuwahi kumwona hivyo. "Shemeji," akaniambia, "nitamkosa mke wangu kwa jambo la dakika moja." Nilimhurumia, na nilitaka kitanda changu. Ndipo nikafanya kosa la kumpeleka kwenye sala ya kimya.

Sala yenyewe ilianzishwa na mkunga mstaafu wa hapa kwetu, aliyejifunza kwa masista alipokwenda kupumzika baada ya kuacha kazi. Tulikuwa wanane, kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa ambamo huwekwa viti vilivyovunjika. Mtu mmoja anaanzisha wimbo wa mstari mmoja, wengine wanafuata, mnaurudia na kuurudia kwa sauti ya chini mpaka unajiimba wenyewe. Kisha unakoma, mnakaa kimya na Mungu, kisha mnakwenda nyumbani. Hakuna mahubiri. Hakuna tangazo hata moja, na hilo liliwafanya baadhi ya waumini washuku kama kweli ni ibada.

Mimi nilijiunga baada ya mkunga kuniletea karatasi nimtolee nakala thelathini. Iliandikwa: *Bwana, nipo hapa, nawe upo hapa.* Basi. Chini yake peupe. Nilidhani mashine imekula maneno mengine, nikafungua kifuniko nikatafuta. Mkunga akacheka, akaniambia njoo Jumamosi. Nikaenda, na mtu anayeishi kati ya mashine ya fotokopi na Redio akipewa robo saa ya kimya haulizi maswali. Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Aliyeumia ni mwalimu wa kwaya. Alikuja kutukagua siku ya pili, kashika karatasi kwa ncha za vidole.

"Mstari wa pili uko wapi?"

"Hakuna, Mwalimu," akasema mkunga.

"Umepotea?"

"Haujawahi kuwepo."

Mwalimu alikwenda nyumbani akatunga mistari minne kwa sauti nne, akanipa nitoe nakala. Mkunga alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazitandika chini ya mguu wa kiti kilichokuwa kinayumba.

Kitu kimoja tu mkunga hakukitania. Anayeanzisha wimbo ndiye anayeumaliza. Akinyamaza, wote mnanyamaza. Asiponyamaza, hakuna wa kumtangulia. "Nimezalisha miaka thelathini na mitano," alisema. "Nilichojifunza ni hiki: usivute. Wimbo hauvutwi. Ukiwa tayari utatoka, na aliyenao ndiye anayejua." Hakuna aliyepinga. Wanne kati yetu alitutoa yeye tumboni mwa mama zetu.

Siku ya kwanza ya Redio, wimbo ulipokoma nilitazama saa ya ukutani. Alikaa sekunde arobaini. Kisha akasema, kwa unyenyekevu mkubwa, "Naona inaenda vizuri."

Wiki ya pili alijitahidi zaidi. Alinong'ona "sasa nimenyamaza" mwanzoni, na "bado nimenyamaza" katikati. Wiki ya tatu alikuja na kitambaa akakiuma. Kilichotoka kupitia kile kitambaa siwezi kukiandika, lakini fundi viatu, aliyekaa karibu naye, aliomba kuhamishwa kiti. Fundi viatu ni mtu ambaye hulala sala nzima tangu tumeanza. Ukiona amelalamika, ujue mambo ni mazito.

Na huko kibandani? Huko Redio akawa bingwa wa kimya. Sina mbavu nikikumbuka. "Kimya," nilimsikia kupitia mbao, "kina ngazi saba, ndugu yangu. Watu wengi wanaishia ya pili." Alizieleza zote saba, kichwa kimoja baada ya kingine, toka asubuhi mpaka anapofunga. Wateja walitoka pale wamenyolewa vizuri na wamechoka na kimya kupita kiasi. Mtu mmoja alitoka mtaa wa mbali kuja kumuuliza namna ya kuishi na mama mkwe, akapewa ngazi ya tano.

Dada bado yuko kwangu. Mwezi wa pili sasa. Kila akirudi Redio kujaribu, dada alikaa kushoto kwake, akavuta pumzi, na kila mara Redio akamsaidia kuanza. Siku moja nilimwona dada jikoni ameshika tama, nikamuuliza kwa ukali, "Hilo jambo lenyewe si uniambie mimi?" Hakujibu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, upande wa jiko, na nikachukulia kuwa ni dharau.

Mkunga ndiye aliyekata shauri. "Mdomo wake una nguvu," aliniambia. "Tuupe kazi. Jumamosi aanzishe wimbo yeye. Akichoka kuimba, kimya kitamkuta hoi, hatakuwa na uwezo wa kukipinga." Wakati ule niliona ni akili ya mtu mzima. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mji hakuwahi kumzalisha mtu kama Redio.

Wiki nzima alifanya mazoezi. Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, alizima mashine akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Nilimsikia akimwambia, "Kaa hapo hapo, nusu saa tu, narudi." Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umekwisha. Wa kushoto haujaguswa.

Akaanzisha. Na lazima niseme ukweli, ana sauti nzuri. Miaka yote ile ya maneno sikuwahi kuisikia, kwa sababu maneno yalikuwa yameikalia. *Bwana, nipo hapa, nawe upo hapa.* Tukafuata. Mara ya kumi, mara ya ishirini. Kwa kawaida baada ya dakika kumi hivi wimbo hushuka, hushuka, kisha hukoma. Dakika ya kumi ikapita. Ya ishirini ikapita. Mkunga akafungua jicho moja.

Mimi nilikuwa namtazama Redio usoni, na niliona wakati ule ule alipogundua. Maadamu anaimba, kimya hakiwezi kuja. Na hakuna mtu chini ya dari ile mwenye ruhusa ya kumkatiza. Uso wake ulifunguka kwa furaha ya mtu aliyefutiwa kesi.

Saa tano ikafika tunaimba. Kila mmoja aliwatazama wenzake, akaona macho yamefumbwa, akadhani wenzake wamefika mbali na yeye ndiye peke yake anayewaza chakula. Fundi viatu alilala kama kawaida, lakini mdomo wake uliendelea. Mkunga alifumba jicho lake tena, akakunja mikono. Asingevuta. Kama ni wa kuharibikiwa na sheria yake mwenyewe, aliharibikiwa kwa heshima.

Saa tano na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia yule mteja, shuka la kunyolea bado shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina msitu. Alikuja kudai nusu yake. Akasimama akisubiri pengo apate kusema. Hakukuwa na pengo. Akakaa kiti cha nyuma. Baada ya kama mara kumi nilimsikia na yeye, sauti nene, taratibu: *nawe upo hapa.*

Kumbe siku hiyo kulikuwa na harusi kanisani na chumba chetu kilikuwa kimeombwa kwa ajili ya bibi harusi kupumzika. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu sisi hatuna matangazo. Akaingia na wapambe wake wanne, gauni limejaa mlango mzima.

"Kwaya hii ni ya kwetu?" akauliza.

Hatukuweza kumjibu, tulikuwa tunaimba. Akakaa kwenye kiti kilichotandikiwa mistari ya mwalimu wa kwaya, akaimba nasi, akalia kidogo, akafutwa uso, akapelekwa ndani akaolewa. Aliporudi kupiga picha na mumewe tulikuwa hapo hapo. Katika picha za harusi ile, nyuma ya maharusi, kuna mtu aliyenyolewa nusu amefumba macho kwa uchaji. Nimeziona. Niliombwa kuzitolea nakala.

Wimbo ukapenya ukutani ukaingia kanisani. Wageni wa harusi, waliokuwa wameketi wakisubiri kwaya, walianza kuuitikia. Hapo ndipo mwalimu wa kwaya alipotujia, mshipa wa shingo umesimama. Alikuja kutufukuza. Alifungua mdomo apige kelele, na mkunga, bila kuacha kuimba, akamwonyesha kiti kwa kidole. Alikaa. Alikunja uso muda mrefu kabisa. Kisha, taratibu, kama mtu anayejikuna mahali anapojua hapafai kukunwa hadharani, akaanza kuimba sauti ya pili.

Saa saba na robo. Redio alikuwa ameloa jasho, sauti imeanza kukwaruza, lakini hakuacha. Na furaha yake ilikuwa imekwisha zamani. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyepanda juu ya paa akajua kupanda tu. Aliniangalia, na niliona anaogopa. Akikoma, kimya kitakuja, atashindwa mbele ya watu wote hawa, na basi tena, dada hatarudi. Mpaka hapo nilikuwa nacheka moyoni. Nikaacha kucheka, nikatoka nikaenda kumwita dada.

Alikuwa sebuleni anapiga pasi, mgongo mlangoni. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka. Damu ikanichemka, nikaenda nikamshika bega, akashtuka nusura aangushe pasi.

"Mumeo kaanzisha wimbo na hajui kuumaliza."

Alinitazama mdomoni. "Tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Sasa ni saa saba na nusu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Akafikiri. "Maneno ni yale yale?"

"Yale yale."

"Hajabadilisha hata mara moja?"

"Atabadilisha nini, dada? Ni mstari mmoja!"

Akachomoa pasi, akachukua mkoba wake. "Twende," akasema. Njiani alitembea kushoto kwangu, kama kawaida yake, hata pale ambapo kushoto kwangu kulikuwa na mtaro.

Alipoingia chumbani hakukaa karibu na mlango. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe. Kiti cha kushoto kwake wakati huo kilikuwa na mpambe mmoja wa bibi harusi, amevua viatu. Dada akamwondoa, akakaa, akaweka mkoba sakafuni. Nami nikakaa upande wa pili wa dada. Redio alipomwona alitoa macho, na wimbo ukapanda. Sasa kimya kilichokuwa kinamsubiri ndicho kile alichodaiwa na mkewe.

Dada aliinamisha kichwa upande wa mumewe, macho yake kwenye ile midomo. Wimbo ulipita mara tano, sita, bila yeye kusema kitu. Kisha midomo yake ikasema neno moja, katikati: *nipo*. Mstari uliofuata, hilo hilo tu. Kisha akaongeza *Bwana*. Akabaki na hayo mawili kwa muda. Kisha *hapa*. Kisha *upo*. Mtoto wa chekechea angekuwa ameukariri mara ya pili, na dada yangu alisoma mpaka akafundisha. Nikadhani amekuja kumdhihaki mumewe mbele ya watu. Niliona haya kwa niaba yake.

Neno la mwisho kulipata lilikuwa *nawe*. Alipolipata alifumba macho akaimba mstari mzima, mara moja, kwa sauti kubwa kutushinda wote, nje kabisa ya tuni. Mwalimu wa kwaya alijikunyata.

Redio akakoma. Alikoma palepale, mstari haujaisha. Na sisi tukakoma, kila mmoja alipofikia, mwalimu wa kwaya wa mwisho kwa sababu alikuwa na noti ndefu.

Kimya.

Nikatazama saa. Sekunde arobaini zikapita. Dakika moja, na mdomo wa Redio ukafunguka. Niliyaona maneno yamekuja yamejipanga. Mkunga alishika mikono ya kiti chake. Mteja aliyenyolewa nusu alitikisa kichwa, hapana, ndugu yangu, hapana. Mdomo ukafungwa.

Dakika tatu. Dakika tano. Alikuwa ameacha kutazama dari. Alikuwa anamtazama dada. Dakika ya nane nilipiga hesabu kwamba ni mara kumi na mbili ya rekodi yake. Kati ya hapo na dakika ya kumi na moja sijui kilichotokea, kwa sababu niliacha kuitazama saa. Nadhani huko ndiko tulikokuwa tunataka kwenda Jumamosi zote zile, lakini mimi si mtu wa kuulizwa mambo hayo.

Kisha dada akasema. Alisema kwa sauti ya juu mno, mpaka wapambe wakashtuka.

"Sikio langu la kushoto limekufa."

Akaligusa kwa kidole.

"Limekufa tangu mwaka jana. Daktari anasema na la kulia linaelekea huko, polepole. Pengine mwaka, pengine miwili. Wewe unaongea, nadaka neno moja, kumi yameshapita. Nilitaka kukwambia. Lakini nikianza, na wewe unaanza, mimi sijui nimesikiwa au sijasikiwa."

Akauvuta mkoba wake kwa mguu.

"Huu wimbo nimeusikia wote. Mwaka huu mzima, ndicho kitu pekee nilichosikia mpaka mwisho." Akamgeukia. "Sikuikimbia sauti yako. Nataka unipe kidogo kidogo, maadamu bado inaingia."

Nililia, na sioni haya kusema. Nilimkumbuka akiwa kitandani, kalalia lile sikio zima, na mimi pembeni nikinuna gizani. Nilikumbuka mara zote nilizomwita kutoka jikoni na majina niliyompa moyoni. Mwanamke huyu alikaa kwangu miezi miwili anaisoma midomo yangu, na midomo yenyewe ilikuwa inamlalamikia.

Redio hakulia. Alinyoosha mkono akalishika sikio la kushoto kwa vidole viwili, akalikunja mbele, akachungulia nyuma yake. Mtu anayeshika masikio hamsini kwa siku. Hakuona kitu, lilikuwa sikio kama masikio mengine. Kwa mazoea akapuliza kidogo, ingawa hakukuwa na nywele. Akaliachia.

Tulijiandaa kwa hotuba. Chumba kizima kilijiandaa, nilisikia viti vikilia watu wakijiweka sawa. Redio alisogea kwenye sikio la kulia, karibu kabisa, akasema kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana:

"Rudi nyumbani."

"Sema tena," akasema dada.

"Rudi nyumbani."

"Tena."

Akasema tena, maneno yale yale, mwendo ule ule. Mwalimu wa kwaya akaanza kumwitikia chini chini kwa sauti ya pili, mkunga akamkanyaga mguu. Redio akasema mara ya nne, na ya tano. Mimi niliyekaa upande wa pili niliona kila kitu. Mara ile ya kwanza tu, dada alikuwa ameshauokota mkoba wake sakafuni na kuuweka magotini.

"Tena," akamwambia.